Mgongo Unaogawa Maji: Upimaji wa Ardhi ya Lubumbashi

Mto Lubumbashi huingia Kafubu, Kafubu huingia Luapula, na maji hayo hatimaye hufika mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Mwendo mfupi kuelekea kusini, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, mvua hiyohiyo hushukia Kafue na Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Kati ya mikondo hiyo miwili pana mgongo wa ardhi mpana sana, uliolala chini, ambao mtu huuvuka kwa miguu asijue. Kwa hiyo uwanda huu wa mita 1,200 hivi juu ya bahari uliwatesa wapimaji kuliko milima mingi.

Ramani za kwanza zilikuwa za njia tu. Jules Cornet, mwanajiolojia wa msafara wa Bia na Francqui wa 1891–1893, aliandika aliyoyaona alikopita: dira ilitoa mwelekeo, saa za kutembea zikatoa umbali. Kijito kilichovukwa kiliingia ramanini, chanzo chake kikabaki cha kukisiwa.

Mwaka 1894 mkataba wa Uingereza na Dola Huru la Kongo uliufanya mgongo huo kuwa mpaka. Tume ya Waingereza na Wabelgiji ya 1911–1914 ilipofika porini ilikuta dembo, mabonde ya nyasi yasiyo na miti, ambako maji huchuruzika taratibu kabla ya kuwa kijito. Dembo mbili zikikaribiana vichwani, macho hayatoshi: kila kijito kilipaswa kufuatwa hadi kinapoishia. Tume nyingine iliirudia kazi hiyo 1927–1933 na kuongeza nguzo.

Ndani ya Katanga, jimbo lenye Lubumbashi, upimaji ulikuwa wa Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa 1900. Mstari mmoja ulipimwa ardhini kwa uangalifu mkubwa, kisha pembe kati ya vilima zikatoa urefu wa mistari mingine. Miombo ilikatwa vileleni ili teodoliti, chombo cha kupimia pembe, ione mbali. Kiangazi, moshi wa nyasi zinazoungua ulificha vilima vya mbali. Vyombo vilibebwa na wapagazi, na majina ya mito yalitoka kwa wenyeji. Wote wanastahili kutajwa pamoja na wapimaji.

Kazi hiyo ilizaa Atlas du Katanga, yenye karatasi za kipimo cha 1:200,000, sentimita moja kwa kilomita mbili. Karatasi za sura ya nchi ziliambatana na za miamba, hivyo mtafuta shaba aliweza kusoma kijito na jiwe lililo chini yake kwa pamoja.