Harufu Iliyotoka Darini

Novemba huku Eldoret ni mwezi wa kukausha. Ukitoka Pioneer asubuhi unakuta mahindi yametandazwa kila mahali penye saruji au turubai: uani kwa ploti, mbele ya kioski, kando ya lami, watoto wakifukuza kuku. Wingu likitanda wote mnakimbia, hata wewe usiye na shamba, maana ukiangalia mahindi ya mwenzako yakinyeshewa na umekaa tu, utasemwa mpaka Krismasi. Hesabu yake kila mtu anaijua. Bodi ya nafaka inataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakiwa mabichi kuliko hapo yanaota ukungu, na sumu ya ukungu huo imewahi kuua watu nchi hii.

Novemba ya 2023, mwaka wa ile El Niño, kwenye ploti yetu kulikuwa na kitu kingine kinakauka. Mama mwenye ploti ndiye aliyenusa kwanza.

"Wee kijana, hii harufu ni ya nini?"

"Labda panya amefia huko juu, mama."

"Panya gani ananuka majani?"

Sikuwa na jibu. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Jirani yangu, msee wa bodaboda wa miaka 22, alikuwa amepanda miche miwili katikati ya mahindi ya mamake, akaivuna, akaitundika darini juu ya chumba chake. Siku ya tisa walikuja kumchukua. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka huo na asubuhi zangu zilikuwa tupu, kwa hivyo nikaenda kortini kusikiliza. Kilichonishangaza ni jinsi kesi nzima ilivyozunguka mambo mawili ambayo mkulima yeyote wa hapa anayaelewa: uzani na ukavu. Nikarudi keja na swali. Huu ujuzi wa kukausha, ambao kwa mahindi tunaufanya barabarani mchana kweupe, kwa bangi uliingiaje darini?

Tuanze na mmea wenyewe. Ua la bangi likikatwa, karibu robo tatu ya uzani wake ni maji. Likikaushwa haraka kwenye jua kali, harufu yake inapaa na linabaki na ladha ya nyasi. Likirundikwa na unyevu wake linaota ukungu, jamaa wa ule ule wa mahindi. Kwa hivyo popote mmea huu ulipofika, watu walilazimika kujifunza kusubiri. Jina tulilonalo lilikuja na biashara ya Bahari Hindi. Bangi ni bhang ya Wahindi. Lakini bhang ya India husagwa ikanywewa na maziwa. Huku Afrika watu walifanya mambo yao.

Padri mmoja Mreno, João dos Santos, aliyekaa pande za Sofala na bonde la Zambezi, alichapisha kitabu mwaka 1609, na humo anaeleza kwamba watu wa huko waliyakausha majani ya bangi, wakayatwanga yakawa unga, wakala kiganja na kushushia maji. Kabla yake kuna ushahidi wa zamani zaidi: vichwa vya kiko vilivyochimbuliwa katika pango la Lalibela nchini Ethiopia, vikiwa na mabaki ya bangi, vya karne ya 14. Hebu fikiria hilo kidogo. Tumbaku ilitoka Amerika baada ya safari za Columbus za mwaka 1492. Ina maana watu wa upande wetu wa dunia walikuwa na kiko mkononi kabla tumbaku haijavuka bahari. Na huwezi kuvuta kitu kibichi. Mwenye kiko kile alikuwa na mahali pa kukaushia, na pengine mzee wa kumwambia bado, ngoja.

Ujuzi huo haukuishia kwenye kutundika. Malawi, ambako wanaiita chamba, bado wanajulikana kwa kuifunga maua kwa nguvu ndani ya majani, mara nyingi ya mgomba, mpaka yanatoka na umbo la gunzi la mahindi. Humo ndani yanachacha polepole na kugeuka rangi. Watalii wanalipia hayo magunzi kama mvinyo wa zamani. Kwa kifupi, kile ambacho vijana wa mtandaoni wanakieleza kama sayansi mpya ya California, mkulima wa Nkhotakota amekuwa akikifanya bila mtungi wa glasi.

Richard Burton, alipopita bara la Tanganyika na Speke kati ya 1857 na 1859, aliandika kuhusu bangi na kikohozi cha wanaoivuta kwenye kiko cha maji. Aliandika kwa kejeli, kama kawaida yake. Ila hata katika kejeli hiyo unaona watu wanaovuta wazi, pamoja, kiko kikizunguka.

Halafu ikaja sheria. Eldoret yenyewe ilikuwa bado changa. Makaburu walifika huku na magari ya ng'ombe mwaka 1908, mji ukakua kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo, na jina la Eldoret likawa rasmi mwaka 1912. Miaka miwili baadaye, 1914, sheria ya kikoloni ya kuzuia kasumba ikaanza kutumika, na bangi ikafungwa humo humo. Kasumba ilikuwa wasiwasi wa dunia nzima wakati huo. Bangi ilipandishwa tu gari lile lile. Mwaka 1925 huko Geneva, kwa kusukumwa na ujumbe wa Misri, ikaingia pia kwenye mkataba wa kimataifa. Hakuna aliyemuuliza mzee mwenye kiko.

Sisemi kwamba kabla ya hapo kila kitu kilikuwa sawa. Jamii nyingi zilikuwa na masharti yao ya nani avute na lini, na wazee wengi hawakupenda kumwona kijana akiishika. Lakini sharti la mzee lilikuwa linatekelezwa uani. Sheria ilipokuja, kilichohama kwanza ni kukausha, kwa sababu mmea shambani unaweza kujificha katikati ya mahindi lakini harufu ya ua linalokauka haijifichi. Ikabidi iende ghalani usiku, chini ya vitanda, juu ya moshi wa jikoni, darini. Na kukausha kwa woga ni kukausha vibaya. Unaharakisha, unarundika, unauza ikiwa nusu. Wasee wanaolalamika kwamba ndom ya siku hizi inakwaruza koo wanalalamikia sheria bila kujua.

Ukitaka kuona tofauti, angalia tumbaku. Huko Kuria na Bungoma, kuanzia miaka ya 1970, kampuni kubwa ya sigara iliwapa wakulima mikopo, mbegu, na maafisa wa kuwafundisha kujenga mabanda ya kukaushia. Majani yalitundikwa kwenye fito, moto ukawashwa, miti ya vilima ikaisha humo. Kuria hiyo hiyo, na Tarime ng'ambo ya mpaka, ni sehemu zinazotajwa kila mara polisi wakichoma bangi. Majani mawili, udongo mmoja. Moja lina banda na afisa ugani, lingine lina usiku. Na miraa, ambayo lazima iliwe mbichi, ikimbizwe kwa probox kabla haijanyauka, sheria ya 2016 iliitambua kama zao rasmi. Nikimwambia mtu hivi ananiuliza kama nataka bangi iuzwe sokoni. Wajackoyah alijaribu hiyo mwaka 2022, akaahidi italipa deni la taifa, na hakufika hata asilimia 1 ya kura. Marasta walikuwa tayari wamepeleka ombi lao Mahakama Kuu Nairobi mwaka 2021. Swali langu ni dogo kuliko yao.

Ni la mizani. Sheria ya 1994 ilimpa mtu aliyekutwa na bangi ya kutumia mwenyewe kifungo cha miaka 10. Marekebisho ya 2022 yakashusha: isizidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Ila kupanda ni kosa lingine, lenye kifungo hadi miaka 20, au faini ya 250,000 au mara tatu ya bei ya sokoni, ile iliyo kubwa. Kwa hivyo mche ule ule una majina tofauti kulingana na siku uliyokutwa. Ukiwa na mizizi ni kilimo. Ukikauka, ukaingia kwenye karatasi ya khaki, ni kupatikana nayo, au ulanguzi kama mwenye mashtaka ameamua hivyo. Na kwa sababu maji ni robo tatu, kilo moja ya Jumatatu inaweza kuwa robo kilo wiki mbili baadaye. Jirani yangu alishikwa katikati ya hesabu hiyo, siku ya tisa, maua yakiwa yamekauka nje na bado laini ndani.

Alikubali kosa la kupatikana nayo. Hakimu alimsikiliza, akamwuliza umri na kazi, akampa faini ya shilingi 40,000 au miezi minane.

Mamake alikuja kutoka shambani jioni hiyo. Nilimpikia chai, akakaa kwenye kitanda changu na viatu vyenye matope, akapiga simu tatu. Mahindi yake yalikuwa yamevunwa siku nne tu, yakiwa bado na maji ya El Niño ndani, kwenye turubai chini ya mabati. Dalali alifika asubuhi na lori. Alichota punje kiganjani, akaziuma, akatikisa kichwa.

"Mama, hii bado. Ingengoja wiki mbili ningekupa bei ya maana."

"Najua," akasema. "Pima tu."