Futi ya Nani Ilipima Pwani Yetu?

Pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, tokea ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Ukinunua kamba ya pima kumi, ni heri akupimie muuzaji mrefu kuliko mfupi. Nyote wawili mtaita pima kumi, lakini kamba hazitalingana.

Wayunani wa kale nao walipima kwa viungo vya mwili. Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 Kabla ya Kristo, ametuachia hesabu yao. Futi moja ni upana wa viganja vinne, dhiraa moja viganja sita, pima moja dhiraa nne, sawa na futi sita. Pima 100 zinafanya stadia moja. Kwa hiyo stadia ni futi 600. Huo ndio ulikuwa urefu wa mbio zao fupi, na ndiko lilikotoka neno stediamu tunalolitumia leo.

Hapo mtu aweza kudhani kazi imekwisha: gawanya meta kwa stadia, upate jibu. La hasha! Swali ni futi ya nani. Uwanja wa Olympia una meta 192 hivi kati ya mstari wa kuanzia na wa kumalizia. Ule wa Delphi una meta 177 na nusu hivi. Vyote viwili ni futi 600! Futi ya Olympia ilikuwa sentimeta 32, ya Delphi haikufika 30.

Wenyewe walilijua jambo hilo. Kuna masimulizi kwamba uwanja wa Olympia ulipimwa kwa nyayo za shujaa Herakles, na kwamba mwanahesabu Pythagoras alilinganisha uwanja huo na vingine, akakadiria Herakles alikuwa na kimo gani kuwapita watu wengine.

Chukua safari ya kilometa 192, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Kwa kipimo cha Olympia ni stadia 1,000 kamili. Kwa kipimo cha Delphi ni zaidi ya 1,080. Tofauti hiyo ni kilometa 14 na nusu hivi, mwendo wa nusu siku kwa miguu.

Jambo hili linatuhusu sisi wenyewe. Katikati ya karne ya 1 Baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja Myunani wa Misri, ambaye hakutaja jina lake, aliandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi uitwao Periplus. Humo ameieleza pwani yetu, aliyoiita Azania, na soko la Rhapta lililouza pembe za ndovu. Kabla ya Rhapta anataja kisiwa cha Menouthias, chenye miti mingi na mitumbwi ya kushonwa kwa kamba, kilicho stadia 300 hivi kutoka bara.

Kisiwa gani hicho? Wapo wataalamu wasemao Pemba, wapo wasemao Unguja, na wapo wasemao Mafia. Kwa stadia ya Delphi tunapata kilometa 53, kwa ile ya Olympia karibu 58. Pemba iko kiasi cha kilometa 50 kutoka bara, Unguja karibu 35, na Mafia iko karibu zaidi. Hesabu inaelekea Pemba. Lakini tusishangilie mapema. Baharini hapakuwa na kamba ya kupimia. Nahodha alikisia kwa upepo na kwa saa za safari, na mwandishi mwenyewe amesema "hivi".

Kwa hiyo kitabu kikikuambia kwamba Menouthias ilikuwa kilometa 55.5 kutoka bara, usiiamini ile nukta tano. Imetoka kwenye mashine ya hesabu ya mtu wa leo. Meta yetu, tangu mwaka 1983, hupimwa kwa mwendo wa mwanga, nayo ni ileile Tokyo na Tanga. Stadia haikuwa hivyo. Jibu la kweli litatoka kwa wachimbaji wa mambo ya kale, wakikuta vigae na shanga za zama zile ardhini.

Mpaka wakati huo, ukisomewa umbali wa kale, uliza kwanza: futi ya nani?