Excel ikizimika ukiprinti, kamata draiva kwanza

Wadau, kila mwisho wa mwezi ofisini kwetu hapa Uingereza kilio ni kile kile: mtu akibonyeza kuprinti, Excel inazimika, na karatasi za mishahara hazitoki. Lawama zote kwa Excel. Mimi nasema tuirudie historia kidogo.

VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston ilitoka 1979, Lotus 1-2-3 ikafuata 1983. Enzi hizo za DOS kila programu ilibeba draiva zake za printa. Windows ya 1985 ikageuza mambo: draiva moja, programu zote zinaichangia. Excel ya Windows ilipotoka 1987 ikarithi utaratibu huo. Nafuu kubwa, ila ina gharama yake: Excel ikipanga kurasa huiuliza draiva ya printa, na draiva mbovu huiangusha.

Kwa hiyo msikimbilie kuifuta Excel. Chagueni printa nyingine, hata ile ya PDF, mjaribu tena. Ikikubali, mkosaji ni draiva; iondoeni muweke mpya. Ikigoma bado, kagueni faili lenyewe. Mishahara ya watu isikwame kwa kesi ya kusingiziwa.

Haya, alamsiki.