Mijusi Waliotoweka wa Rodrigues
Mijusi wa jenasi Phelsuma, yaani kundi linaloishi katika visiwa vya Bahari ya Hindi na ambalo wengi wake hutembea mchana, hunata kwenye majani laini kwa vinyweleo vidogo mno vya nyayoni, na kwa kuwa hawana kope za kufumba hulamba macho yao kuyasafisha. François Leguat, mkimbizi Mprotestanti kutoka Ufaransa aliyeishi katika kisiwa cha Rodrigues kwenye bahari hiyo kuanzia 1691 hadi 1693, alieleza aina mbili za mijusi hawa: wa kijani waliopanda mezani kula matikiti bila hofu yoyote, na wengine wakubwa, wa kijivu, waliotoka usiku. Maelezo hayo yana thamani isiyo kifani, kwa maana misitu ilikatwa, meli zikaleta panya na paka, na aina zote mbili zikatoweka.