Nafaka Moja, Ladha Mbali Mbali

Katika mambo yatofautishayo mataifa, ladha ya chakula si jambo dogo. Kile ambacho watu wa nchi moja hukihesabu kuwa riziki njema, wenzao hukitemea mate. Twapenda kulieleza jambo hili kwa habari za nafaka moja tu, yaani mahindi.

Asili ya mahindi ni Meksiko, nayo yalifika Ulaya baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Ajabu ni kwamba kila taifa liliyapokea kama mgeni aliyetoka kwa jirani. Waitalia waliyaita granoturco, yaani nafaka ya Kituruki. Waturuki wenyewe huyaita mısır, yaani Misri. Nasi kwa Kiswahili twasema mahindi, kana kwamba yametoka Bara Hindi.

Basi nafaka ilisafiri, lakini desturi ya kuipika haikufuatana nayo. Wenyeji wa Meksiko tangu kale huyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa, huyaosha, kisha huyasaga yangali na maji, wakaoka mikate myembamba. Waulaya walitwaa nafaka, wakaiacha chokaa. Maskini wa Italia ya kaskazini walisonga ugali uitwao polenta, wakaula siku zote pasipo kitoweo cha kutosha. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal aliandika habari za ugonjwa wa ngozi uliowashika maskini wa Asturias, nchini Hispania, waliokula mahindi. Na mwaka 1771 Francesco Frapolli wa Milan akauita pellagra. Ulileta kuhara, wazimu, hata mauti. Mwaka 1937 ndipo ilipotambulikana vitamini iliyowapungukia. Nayo imo katika mahindi yenyewe, ila imefungwa, chokaa huifungua.

Tena mwaka 1845 viazi vilipooza huko Ireland, serikali ya Robert Peel ilinunua mahindi Marekani. Watu, ingawa walikuwa na njaa, waliyachukia. Vinu vyao havikufaa kusaga nafaka ngumu namna ile, wala hawakujua kuipika mpaka iive, matumbo yakawauma. Wakayaita kiberiti cha Peel, kwa ajili ya umanjano wake.

Leo watu wengi wa nchi zetu hawaoni kwamba wameshiba wasipokula ugali wa mahindi! Kwa hiyo ladha si tabia ya kuzaliwa nayo, bali ni mafunzo ya jikoni. Na mafunzo hayo mara nyingi yana elimu ndani yake: mwenye kudharau kuloweka na kuanika mihogo michungu atakula sumu.

Hivyo yatupasa sisi tukusanyao desturi tusiandike majina ya vyakula tu. Tuwaulize akina mama wazee: huloweka siku ngapi, hutwanga vipi, huchanganya nini, na kwa nini? Wakiondoka wao, jina litabaki, na maarifa yatapotea.