Vikope: nafasi ya jeni
Vikope, yaani trakoma, ugonjwa ambao umechunguzwa sana wilayani Kongwa, Tanzania, tangu miaka ya 1980, huletwa na bakteria *Chlamydia trachomatis*, ingawa jeni za mgonjwa huchangia kuamua nani atapata makovu yanayokunja kope kwa ndani hadi zikwaruze jicho. Jeni za HLA, zilizo kwenye kromosomu ya 6, hutengeneza protini zinazoonyesha seli za kinga vipande vya vimelea. Nchini Gambia, katika miaka ya 1990, aina ya HLA-A*6802 ilionekana zaidi kwa wenye makovu. Urithi usikuzwe kupita kiasi, kwani watoto wa nyumba moja huambukizana pia kwa vidole, vitambaa na nzi.