Kuitambua Pampu ya Kale ya Petroli ya Mkono

Tanzania mtu husema anakwenda sheli hata kama kituo ni cha kampuni nyingine kabisa. Mazoea kama hayo huwapoteza wengi wanapokutana na pampu ya kale ya petroli, ile iliyoendeshwa kwa mkono: husoma jina lililopakwa rangi ubavuni, wakadhani wamemjua aliyeiunda. Kwa kawaida kampuni ya mafuta ilinunua tu pampu na kuipaka rangi zake. Waundaji walikuwa wengine. Mji mmoja tu wa Marekani, Fort Wayne katika jimbo la Indiana, ulikuwa makao ya Bowser, Wayne na, tangu 1918, Tokheim; Gilbert & Barker walikuwa Massachusetts. Tufe la kioo la kileleni nalo si shahidi mzuri, kwani mengi yanayouzwa leo ni nakala. Kinachosema kweli ni kipimo. Uliza kwanza: pampu hii ilijuaje kwamba galoni moja imetoka?

Jibu la zamani zaidi ni pistoni. Sylvanus Bowser aliuza pampu yake ya kwanza mwaka 1885, tena kwa mwenye duka, kwa ajili ya mafuta ya taa. Ile ya petroli yenye mpira wa kufikia gari ilikuja 1905. Pampu nyingi za ukoo huu ni nguzo ya chuma cha kusubu isiyo na kioo. Fungua mlango wake: utaona fito yenye meno, ambayo mkono wa kuzungusha huipandisha pamoja na pistoni. Safari nzima ya pistoni ni kiasi maalumu, mara nyingi galoni moja, na vizuizi vidogo huikatisha kwenye nusu au robo. Mnunuzi haoni kitu, na Wamarekani wakaziita pampu vipofu.

Shaka ya wanunuzi ndiyo iliyozaa aina ya pili, iliyotamba miaka ya 1920, na ndiyo rahisi kuitambua: mnara mwembamba wenye silinda ya kioo juu na mkono mrefu wa chuma ubavuni. Mhudumu aliuvuta na kuusukuma mkono huo. Petroli ikapanda ndani ya kioo mpaka alama ya juu kabisa, iliyozidi ikarudi yenyewe kwenye tangi la ardhini. Kisha alifungua valvu, mafuta yakateremka kwa uzito wake hadi kwenye gari. Ndiyo maana namba huongezeka kuelekea chini: zinasoma kilichotoka, si kilichomo. Fry, ya Pennsylvania, ilitengeneza moja yenye kiuno na mapaja, ikabatizwa jina la mwigizaji Mae West. Pampu yenye uso kama saa ni ya baadaye, na nyingi za namna hiyo ziliendeshwa kwa umeme.

Galoni yake hudokeza nchi ilikotoka. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza lita 4.546; jaza maji kwenye kioo kilichoandikwa 10, uyapime. Yakikaribia lita 38 huenda ni Mmarekani, yakifika 45 huenda ni Mwingereza. Nati pia hutoboa siri: meno ya Whitworth ya Uingereza yana pembe ya nyuzi 55, ya Marekani 60. Afrika Mashariki ya kikoloni ilipima kwa galoni ya Kiingereza. Bati la petroli la galoni 4 ndilo lililotuachia debe la kupimia mahindi.

Kibati cha shaba kikiwepo, kisome kwa hadhari. Tarehe ya hataza haisemi pampu iliundwa lini. Inasema tu haikuundwa kabla ya hapo. Namba zilizosubiwa kwenye chuma chenyewe ni bora zaidi, kwa kuwa hakuna anayezibandua.

Usiichanganye na pampu ndogo ya kufungwa juu ya pipa, ambayo mkono wake huyumba kushoto na kulia. Hiyo huhamisha mafuta tu, haipimi.

Na kabla ya kushika msasa, piga picha za kila namba, kila tundu la skrubu lililobaki wazi na kila tabaka la rangi. Vaa barakoa pia: rangi nyingi za enzi hizo zilikuwa na madini ya risasi.